Mvua Yenye Tarehe

Sikufichi, mimi ni mwoga. Wanaonijua siku hizi, wakiona ninavyobishana bei na wenye maduka mpaka wanachoka wao, hawawezi kuamini, lakini wewe nakwambia ukweli. Wiki iliyopita, saa sita mchana, nilikuwa kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu na mifuko miwili ya nguo za watoto, mbingu ikageuka. Kama hujawahi kuiona mbingu ya Guangzhou ikigeuka mwezi wa nne, basi shukuru. Kwanza hewa inasimama, hata moshi wa wachoma mishikaki unapanda juu moja kwa moja. Halafu upande wa magharibi inatokea rangi ambayo si nyeusi, ni ya kijani chafu, kama maji yaliyochemshiwa mchicha, na taa za barabarani zinawaka mchana kweupe. Simu zikaanza kulia mtaa mzima kwa mpigo mmoja, onyo la mvua ya radi na upepo mkali. Watu walizitazama, wakazirudisha mfukoni, wakaendelea kuvuka barabara.

Mimi nilijitosa kwenye duka la kwanza nililoliona, duka la mabegi, nikapita mpaka nyuma kabisa, mbali na vioo vya mbele, nikachutama katikati ya marundo mawili ya masanduku. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili. Msichana muuzaji akacheka, akaniambia kwa Kichina chake cha haraka kwamba hiyo ni mvua tu, haili mtu. Kidole gumba kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuzimia simu, kimekwenda chenyewe bila kunishirikisha. Kidole hicho hicho kiliwahi kufanya kazi hiyo hiyo, katika mji ule ule, nikiwa na miaka tisa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati utanilaumu bure, au utanihurumia bure.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya saba, jengo lisilo na lifti, mimi na baba na mama. Baba alikuwa wakala wa mizigo. Alikuwa na ofisi ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, chumba chembamba chenye meza moja, mizani moja na kalenda nne za kampuni za meli, na kazi yake ilikuwa kupokea mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu, kuipanga kwenye kontena, kuisindikiza hadi bandari ya Huangpu na kuhakikisha imepanda meli. Mama alipika. Mchana Watanzania walipanda ngazi zile saba wakihema, wakavua viatu mlangoni, wakala ugali na sato wa kukaanga sebuleni kwetu, na kila aliyeingia alikuwa shemeji. Nyumba ilinukia mafuta, vitunguu na soksi zilizoloana.

Soksi zilizoloana, ndiyo, maana majira ya kuchipua ya kule hayakauki. Unaamka asubuhi unakuta kuta zinatoka jasho. Sakafu inateleza kama imemwagiwa sabuni, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na nguo zikianikwa Jumatatu mpaka Ijumaa bado mbichi. Chini ya jengo kulikuwa na msufi mkubwa wa aina ya kwao, wenye maua mekundu mazito, na maua yale yalikuwa yakidondoka yanapiga sakafu ya saruji kwa kishindo, puu, kama mtu katupa embe. Jirani wa mlango wa pili, bibi mmoja Mchina tuliyemwita Popo kama walivyomwita wajukuu zake, alikuwa anayaokota kwenye kikapu, anayakausha kwa supu. Mimi nililala nikiyasikia yanaanguka. Kila kishindo moyo ulikuwa unaruka, maana nilijua yakianza kuanguka mengi, basi upepo unakuja, na upepo ukija baba atachukua kamera.

Sasa hiyo kamera. Ilianza kama kazi, usije ukadhani baba alikuwa kichaa tangu mwanzo. Mwenye mzigo akiwa Mwanza au Kariakoo, akiambiwa meli haijapakia kwa sababu ya mvua, haamini. Wakala kwake ni mwongo mpaka aoneshe picha. Kwa hiyo baba alipiga picha mbingu ya Huangpu, makreni yamesimama, makontena yanamwagikiwa maji, akatuma. Ikasaidia. Mpaka siku mteja mmoja, mzee wa nguo za mitumba aliyehamia nguo mpya, akampigia simu akamwambia kwa utulivu kabisa, "Kijana wangu, hiyo mvua ni ya mwaka jana. Nimeiona."

Baba aliumia. Alikuwa mtu wa kusali, na kuitwa mwongo kulimchoma kuliko kutukanwa. Kesho yake akachukua kipande cha boksi, akaandika tarehe kwa kalamu nene ya kuandikia mizigo, akatafuta mtu wa kukishika mbele ya kamera ili mvua iwe na ushahidi. Mtu wa karibu nilikuwa mimi.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa tarehe. Tangu miaka saba mpaka tisa, kila mvua kubwa ya msimu ule iliyopigwa picha na baba, mimi nimo ndani, nimevaa koti la mvua la njano lililonizidi mikono, nimeshika boksi kifuani, nyuma yangu mbingu imefura. Na kila mara baba, jicho moja limefumbwa nyuma ya kamera, alisema maneno yale yale: "Inua juu kidogo, mama, tarehe haionekani." Hilo "mama" alikuwa ananiita mimi. Kwetu binti ni mama wa baba yake.

Wateja wakazipenda. Wakawa wanauliza mzigo, halafu wanauliza na mtoto wa mvua hajambo. Baba akazichapisha, akazibandika ukutani ofisini, na wafanyabiashara waliokuja kupima mizigo walisimama kuzitazama huku wamesahau hata robota zao. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Akanunua kamera kubwa iliyotumika, yenye lenzi ya kuchomoa. Akaanza kutoka hata siku ambazo hana kontena bandarini. Aligundua kwamba mvua kubwa za msimu ule hutoka kaskazini magharibi, hupita juu ya mji, ndipo zielekee baharini, kwa hiyo badala ya kuzingoja Huangpu akawa anazifuata kwao. Alikuwa na dereva wake wa gari dogo la mizigo, Mchina mnene mpole, tuliyemwita shifu, kama wanavyoitwa kwa heshima madereva na mafundi wa kule. Shifu alikuwa anavuta sigara, anatazama wingu, anaonesha kwa kidevu, na sisi tunakwenda huko kwenye kidevu. Tunatoka nje ya mji, tunapita mabwawa ya samaki na mashamba ya mboga, mpaka mahali penye uwazi, baba anashuka, na mimi nashuka na boksi langu.

Nilikuwa naogopa. Nisikupambie. Wapo watoto wangefurahia, ningependa na mimi nikwambie nilifurahia, lakini niliogopa mpaka meno yalikuwa yanagongana. Wingu lile unapolikaribia linakuwa na mdomo. Linakuja chini chini, limenyooka kama rafu, na chini yake ni giza, na ndani ya giza kuna kitu kinawaka na kuzima bila sauti. Baba alinifundisha kuhesabu tangu radi inapomulika mpaka ngurumo ifike, ili tujue iko mbali kiasi gani. Mimi nikaona hapo pana mwanya. Nikawa nahesabu polepole makusudi, moja, nameza mate, mbili, ili namba iwe ndogo, baba aone radi imekaribia turudi nyumbani. Baba akisikia namba ndogo uso ulimng'aa. "Iko karibu kweli," alisema, "ngoja tupate moja."

Mama hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Mama ni mtu wa Sumbawanga, na wewe unajua Watanzania walivyo na watu wa Sumbawanga, kwamba eti wanatuma radi. Wateja walimtania mpaka ugali unapoa: shemeji, nyama leo ndogo lakini nanyamaza, nisije nikapigwa radi kwenye kiyoyozi. Mama alicheka nao. Lakini wakishaondoka hakucheka. Kaka yake alipigwa na radi akiwa na miaka kumi na mitatu, anatoka shamba, jembe begani, mama akiwa nyuma yake hatua chache na mtungi wa maji. Alituhadithia mara moja tu. Alisema alisikia harufu kabla hajasikia sauti.

Kwa hiyo nyumba yetu ya Xiaobei ilikuwa na sheria za Sumbawanga. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama ni lori, vioo vya kujitazamia vinafunikwa kwa kanga. Friji na televisheni vinachomolewa. Mwenye nguo nyekundu anavua. Hakuna kuoga, hakuna kushika sufuria, hakuna kukaa mlangoni. Na simu inazimwa, inafungwa kwenye kitambaa, inawekwa chini ya mto. Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyeliongeza hilo la simu, tena aliliongeza kwa simu. Aliniambia radi inaifuata sauti, kwamba huko kwao kuna mtu alisema haloo na haloo ikawa neno lake la mwisho. Nikimlalamikia woga wangu alinijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Niliupenda sana msemo huo. Nikaona bora kuwa mwoga, angalau nyumbani kwetu kutakuwa na kicheko.

Kazi ya kuzima simu ilikuwa yangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tangu asubuhi kuta zilikuwa zinatiririka, na chini kule maua yalikuwa yanaanguka puu, puu, puu. Popo alikuwa ukumbini na kikapu chake. Alinitazama, akatazama juu, akatikisa kichwa. Baba alikuwa ameshavaa viatu. Hakuwa na mzigo bandarini siku hiyo, nataka ulijue hilo. Alikuwa anaifuata mvua kwa kuipenda tu.

Nikashika tumbo. Nikasema linaniuma, linakata hapa, hapa na hapa. Lilikuwa zima kabisa. Baba alichutama, akaniwekea kiganja tumboni, akaniuliza kama nitaweza kidogo tu, picha moja. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na hapo yakaanza. Sikumbuki yote. Nakumbuka mama alisema, "Mwanangu si kalenda ya ukutani, na wewe si mtoto. Nenda na mvua yako, ukae nayo huko huko." Baba alichukua kamera, akaliacha boksi mezani, na tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Nilimsikia anashuka ngazi zote saba.

Nilifurahi. Niliogopa, nilijua nimesema uongo, lakini nilifurahi kubaki. Nikakaa sebuleni, mama akarudi jikoni kukaanga samaki, feni ya kutolea moshi inanguruma, mafuta yanalia. Pakawa na giza. Saa tano asubuhi ikawa kama jioni. Halafu ngurumo, mbali sana, kama mtu anasukuma kabati nyumba ya juu.

Nikaichukua simu ya mama mezani. Kabla sijabonyeza, ikalia.

Kwenye kioo paliandikwa Baba Watoto. Iliruka ruka mkononi mwangu kama mdudu. Wakati huo huo dirisha likamulika jeupe, nikayaona maua ya msufi chini, na sauti ya bibi ikaniingia kichwani kabla hata ya ngurumo. Nikawaza nikipokea nitakufa mimi. Halafu nikawaza jambo la kitoto zaidi, kwamba nikipokea atakufa yeye, radi itaifuata sauti yake. Ikalia mara ya tatu, ya nne. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Zima simu!" Nikajua hajaisikia ikilia, kwa ajili ya feni na mafuta. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Nikaiviringisha kwenye kanga, nikaiweka chini ya mto.

"Umezima?"

"Abee mama, nimezima."

Mama akaja, akachomoa friji, akafunika kioo cha chumbani na kile kidogo cha sebuleni. Alifanya haraka, lakini hakuharibu kitu. Akanivua fulana yangu nyekundu akanivisha ya bluu. Tukakaa kitandani, miguu juu, kama robo saa hivi, na mimi nikaona tuko salama, tumetimiza kila kitu. Halafu mama akakumbuka nguo. Kwa siku nne zilikuwa zinaning'inia kwenye kibaraza chenye dirisha, mashuka na taulo, na upepo ulikuwa umeanza. Akasema, "Acha nianue, zitaishia matopeni." Akaenda dirishani.

Upepo ule haukuja kidogo kidogo. Ulifika wote pamoja na mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa limau, sikuwahi kuona, na sauti ilikuwa ya kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Mama alikuwa ameinua mikono kwenye kamba. Dirisha zima lilitoka kwenye fremu yake, likamjia.

Sikupiga kelele. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Nilisimama nikatazama. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya mashuka, viganja vimeziba uso, anaita jina langu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananituma chumvi, na damu inapita katikati ya vidole. Nikakimbilia kwa Popo, nikagonga kwa mikono yote miwili. Popo alikuja na kandambili zake. Alitazama mara moja tu, akanyakua kanga kwenye kioo cha sebuleni, akaikunja, akamkandamizia mama usoni. Na kioo kikabaki wazi, na radi zinamulika, na mimi nikajiona humo ndani, fulana ya bluu, mdomo wazi. Nikangoja ipige. Nilikuwa na hakika itapiga sasa, na nilitaka ipige.

Haikupiga. Popo akampigia mwanawe simu, katikati ya radi, anapaza sauti kama yuko sokoni, na hakufa. Mwanawe akaja na gari.

Baba alitukuta hospitali. Alikuwa na chenga za kioo kwenye nywele, maana kioo cha mbele cha gari la shifu nacho kilivunjwa na mawe yale yale. Madaktari walikuwa wamefanya walichoweza. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limekwenda. Baba alikaa kwenye benchi la ukumbini, akanivuta kwenye mapaja yake, na akaanza kusema, hata sijui kama alikuwa ananiambia mimi. "Nililiona wingu linageuka kuja kwenu. Nikapiga niwaambie mkae mbali na dirisha. Iliita kidogo, halafu mtandao ukakata. Nikapiga tena na tena. Mtandao ukakataa kabisa."

Nikayasikia yale maneno na nikaelewa yote, nikiwa na miaka tisa. Nilisema tumbo linaniuma, na safari hii lilikuwa linauma kweli.

Tangu siku hiyo hakushika kamera. Aliziondoa picha ofisini, zikaacha ukutani alama nyeupe zenye umbo la mraba, na mteja akiuliza mtoto wa mvua aliambiwa amekua. Mwaka uliofuata tukarudi nyumbani. Baba akafungua duka la vifaa vya umeme, akawa mtu wa kimya, na mama akitafuta kijiko upande asikoona, baba alikuwa anainuka kabla hajaombwa. Miaka ishirini aliinuka hivyo. Hakumwacha mama peke yake siku ya mvua hata mara moja, na mara moja moja, wingu likifunga, nilimsikia anasema chini chini, "Ningekuwepo." Mimi nilikuwa chumba cha pili. Neno langu moja lingemtua mzigo, angalau nusu yake. Kila nikijaribu niliogopa atanitazama vipi.

Alifariki mwaka juzi, kwa maradhi ya kawaida. Tulipofungua Biblia yake tukakuta picha moja, ya mwisho kuipiga: wingu lile la Jumamosi, limetandaza mdomo juu ya mji wote, na majengo ya Guangzhou chini yake madogo kama viberiti. Hamna mtoto, hamna boksi. Tangu lile boksi lianze, ndiyo picha yake pekee isiyo na tarehe. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino maneno mawili: "Nilikuwa huku."

Basi ndiyo hayo yaliyonipanda kichwani wiki iliyopita, nimechutama kati ya masanduku. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa nimepita Tianxiu asubuhi. Chumba cha baba sasa wanauza nywele za bandia, na binti aliyekuwemo hakujua kama paliwahi kuwa na wakala. Siku hizi mteja anaiona meli yake kwenye simu akiwa kitandani kwake Mwanza, hahitaji mtoto wa kumshikia mvua. Jengo letu limepakwa rangi upya. Kwenye mlango wa Popo walinifungulia vijana nisiowajua. Msufi upo, unadondosha maua yake, na hakuna anayeyaokota.

Kidole bado kilikuwa kwenye kitufe, na simu ikalia. Mama.

Nyumbani Tanzania ilikuwa saa moja asubuhi. Tangu ile siku mama hazimi simu, radi ije isije, na kila nikisafiri anamwambia mjukuu amfungulie hali ya hewa ya Guangzhou. Radi ikamulika duka zima. Nikaogopa kama nilivyoogopa nina miaka tisa, vile vile, haikupungua hata kidogo. Nikapokea.

"Uko mbali na dirisha?"

"Niko mbali, mama."

Halafu likatoka. Sikulipanga. Nikamwambia mama, ile siku simu ililia, niliiona ni baba, nikaizima. Nikamwambia ningepokea ungekuwa na macho mawili, na baba asingekufa anajilaumu. Nililia mpaka msichana muuzaji akaacha kucheka, akaniletea kikombe cha maji ya moto.

Nilisikia mama anavuta kiti, anakaa. Akasema, "Niliisikia ikilia."

"Feni ilikuwa..."

"Niliisikia, mwanangu. Nilijua ni yeye, nani mwingine. Nilikuwa nimemkasirikia. Nikasema moyoni, mwache alie na mvua yake. Ndiyo nikakwambia uzime." Akavuta pumzi. "Nikawa nangoja siku ya kumwambia. Kila nikitaka, namwona anavyonihurumia, naogopa."

Tulikuwa wawili, tunajua, na tulimwacha abebe yote peke yake mpaka kaburini, kwa woga. Bibi alikosea. Kwa mwoga pia huenda kilio, ila kinachelewa.

Mvua ilipopungua niliomba kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito. Niliandika tarehe, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikatoka nje, mgongo kwenye lile wingu lililokuwa linaondoka kuelekea Huangpu, nikampa yule msichana simu anipige picha. Nikaituma kwa mama. Hakukuwa na mwingine wa kumtumia.

Jibu lilikuja kwa sauti, baada ya dakika chache. Nilimsikia anavuta simu karibu na uso, upande wa jicho lililobaki, ambalo nalo siku hizi limeanza kuchoka. "Inua juu kidogo, mama," alisema, "tarehe haionekani."

Nikaitazama picha tena. Tarehe ilikuwa inaonekana vizuri kabisa.